Vipindi Arobaini na Vinne

9 Januari

Mwanangu Sindano,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima. Baba yako mdogo anakohoa kama kawaida yake anapotaka kuonewa huruma, na wifi yangu amenunua cherehani mpya inayomtia kiburi, haiachi tangu asubuhi. Homa imeniacha. Nimebaki na uchovu tu, na daktari mmoja mdogo kuliko wewe ananiambia nisubiri. Nisubiri nini, hasemi.

Sasa neno lililonikaa kooni. Nimesikia umepewa darasa langu. Nimesikia, sikuambiwa. Miaka ishirini na miwili nimesimama mbele ya ubao ule, na mwalimu mkuu hakuona haja ya kuniandikia hata mistari miwili. Na wewe, niliyekushonea sare yako ya kwanza kama nilivyomshonea baba yako zake zote wakati mimi nimetolewa shule, ukanyamaza kama uliyemeza ufunguo. Haya, limepita. Halijapita, lakini tuna kazi.

Nafasi yangu inashikiliwa mpaka muhula wa pili ufunguliwe. Nisipoonekana siku hiyo wataweka mwingine. Nitaonekana. Kwa hiyo hilo darasa umeazimwa, na nataka unirudishie likiwa linajua sehemu. Watoto wa darasa la nne wasiojua nusu na robo vizuri, darasa la tano linawamaliza. Nimewaona wengi.

Najua umeshaandika azimio la kazi la muhula, na najua umekosea wapi. Umechukua wiki kumi na tatu, ukazidisha kwa vipindi vitano, ukapata sitini na vitano, ukavigawia mada zote kwa rula. Ndivyo chuo kinavyofundisha. Muhula hauna vipindi sitini na vitano. Wiki ya kwanza watoto wanafyeka majani na nusu yao hawajarudi: toa vitano. Wiki ya mwisho mitihani: toa vitano. Katikati mapumziko: toa vitano. Mvua inayopiga bati mpaka hujisikii, wageni wa ofisi ya elimu, msiba wa mwalimu, siku ya kupima uzito: toa sita, na hapo nina matumaini makubwa. Umebakiwa na arobaini na vinne. Panga hivyo. Vingine ni vya karatasi tu.

Usinipigie simu. Simu inanichosha. Andika.

Shangazi yako


21 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini uchovu umepungua. Nyumba yako ni salama. Nalala chumba cha mbele, cha kwako sijakigusa ila kufungua dirisha. Paka wa jirani amehamia kabisa, anakaa kwenye kiti chako na kunitolea macho kana kwamba mimi ndiye mgeni.

Nisamehe kwa kunyamaza. Mwalimu mkuu aliniita Ijumaa, Jumatatu nikawa mbele ya watoto sabini na wawili. Miaka miwili nimekaa nyumbani na cheti changu kwenye bahasha, Shangazi, kisha napewa chaki na darasa lako kwa siku moja. Niliona aibu kukuandikia, nikasema ngoja kwanza nifanye jambo moja la maana. Bado sijalifanya.

Na ni kweli, niliandika sitini na vitano. Nilitumia rula hasa. Wiki ya kwanza tulifyeka. Ya pili nikafundisha mada ya wiki ya kwanza, nikiwa nakimbia. Bwana Ratiba, yule mwalimu wetu wa taaluma, alipita na lile faili lake kwapani, akaniambia, "Mwalimu mgeni, uko nyuma vipindi saba." Nikamwambia watoto hawajaelewa. Akasema, "Kuelewa hakumo kwenye ratiba." Sijui kama alikuwa anatania. Uso wake hausaidii.

Nimekupigia mara kadhaa hata hivyo, unisamehe. Mama mdogo anasema umelala. Saa nne asubuhi, wewe? Basi nitumie azimio lako. La mwaka jana silioni kabatini.

Sindano


3 Februari

Sindano,

Marahaba. Barua yako imechelewa posta, sijui imepitia wapi. Huku ni vilevile. Baba yako mdogo amepaka ukuta rangi ya maziwa, sasa anatufokea tukiuegemea. Na huyo paka mwondoe kwenye kiti changu.

La mwaka jana halipo kabatini kwa sababu nilikuja nalo huku, nikalichana. Nimeandika jipya, limo humu ndani. Kuzidisha vipindi vinane. Kugawanya kumi na viwili. Sehemu kumi na sita. Vipimo na maumbo vinane. Jumla unaijua. Kitabu kimeziweka sehemu mwisho, mahali ambapo muhula unakufa kila mwaka kabla ya kufika. Wewe ziweke mara tu baada ya kugawanya, mikono ya watoto ikiwa bado ina moto wa kugawana. Bwana Ratiba akikuuliza, mwambie jumla ni ileile, nimebadilisha mpangilio tu. Anapenda neno mpangilio.

Sasa namna ya kufundisha, na hapa unisikilize neno kwa neno. Omba maboksi ya sabuni dukani, kata vibao sabini na viwili, vipake rangi ya ubao. Kila mtoto awe na kibao chake na kipande cha chaki. Unaandika swali ubaoni. Wanafanya kimya. Unahesabu moja mpaka tatu kwa vidole vyako, hewani, si kwa mdomo. Kwenye tatu, vibao vyote juu. Unawasoma kama gazeti. Hakuna "mimi mwalimu, mimi mwalimu". Hakuna kujibu kwa pamoja. Asiyeelewa anageuza kibao upande mtupu, na asichekwe. Anayetaka kuuliza anaandika neno moja na kukiinua.

Kwa sehemu tumia karatasi za kukunja. Wakunje mara moja, wafungue, wapake rangi. Mara mbili. Mara tatu. Usiwaambie kitu mpaka mikono yao iwe imeshajua.

Kuwa mkali. Wiki mbili za kwanza watakushinda kwa kelele, usilegee.

Shangazi yako


19 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Huku wote wazima isipokuwa bomba la uani, ambalo nimelifunga kwa mpira wa baiskeli. Paka nimemwondoa, amerudi.

Vibao vimekubali! Siku ya kwanza ilikuwa fujo, walipakana chaki mpaka darasa zima likawa kama wamekaangwa na unga. Lakini sasa nikinyoosha kidole cha kwanza tu wanatulia. Kuna mtoto wa safu ya kati tunamwita Redio, nadhani wewe ndiye uliyempa jina. Siku tatu alikuwa akitetemeka kwenye dawati. Nikamuuliza ana nini. Akasema, "Mwalimu, mimi nikinyamaza nasahau." Nikamwambia aandike. Sasa anaandika kibao kizima, pande zote mbili, mpaka kwenye kingo.

Jana tumeanza sehemu. Nikaandika ubaoni: ipi kubwa, moja ya nne au moja ya nane? Vibao juu. Hamsini na kitu waliandika moja ya nane. Nikamwita mmoja aje mbele anieleze. "Mwalimu, nane ni kubwa kuliko nne. Hata dukani."

"Haya. Mkate mmoja. Unataka mgawane mkiwa wanne au mkiwa wanane?"

"Wanane ni kina nani?"

"Dada zako na rafiki zao."

"Basi wanne," akasema, kisha akautazama ubao kama umemdanganya. Akaenda mwenyewe kuchukua karatasi, akakunja, akahesabu, akarudi kufuta kibao chake kwa mkono wa shati. Nilitamani ungekuwepo.

Ila nina swali, Shangazi. Mimi mwenyewe nimesoma darasa lako. Lilikuwa likisikika mpaka barabarani. Tulikuwa tukiimba jedwali la kuzidisha, saba mara moja saba, na kwenye kila jibu tunagonga madawati mpaka miguu ya madawati inalegea. Fundi alikuwa akija kila muhula kwa ajili yetu peke yetu. Katika azimio hili jipya hakuna kuimba hata kipindi kimoja. Kumekwenda wapi? Bwana Ratiba amesimama mlangoni mara mbili akidhani nimewatoa nje.

Sindano


2 Machi

Sindano,

Salamu. Wazima.

Umeulizwa sehemu, jibu sehemu. Kuimba hakupo kwa sababu sikukuweka. Je, wamefika kwenye kujumlisha robo na nusu? Angalia sana hapo. Watajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, watakuletea mbili ya sita na watafurahi. Warudishe kwenye karatasi.

Na sasa zamu yangu kuuliza. Baba yako amempigia mdogo wetu simu, na mdogo wetu akaniandikia pembeni ya gazeti kwamba mwalimu mkuu amekuahidi darasa langu moja kwa moja, uajiriwe kabisa. Wewe umeniandikia habari za paka na bomba, hilo hukuliona? Nilikuwa na miaka thelathini na minne nilipoingia chuo cha ualimu, nimekaa dawati moja na watoto waliokuwa wakiniita mama. Sikupewa kitu katika dunia hii bila kukishona kwa mkono. Kama mnanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, semeni.

Shangazi yako


23 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sikujibu mapema kwa sababu kila nikianza naichana. Hii ni ya nne.

Ni kweli. Mwalimu mkuu aliniambia mwanzoni mwa Februari. Alisema usiporudi siku ya kufungua, nafasi ni yangu. Sikumjibu ndiyo wala hapana. Wewe sikukuambia kwa sababu niliitaka. Nilipika, nikala, nikalala nikiitaka, ndani ya nyumba yako, na kesho yake nikaenda kufundisha kwa azimio lako. Huo ndio ukweli, sina mwingine mzuri zaidi.

Lakini na wewe kuna kitu hukusema. Kwa nini mtu mnayekaa naye nyumba moja akuandikie pembeni ya gazeti?

Nilipopiga simu mara ya mwisho, mama mdogo alisahau kuifunika. Nilisikia akikuita, "Wifi! Wifi! Simu, ni Sindano!" Nawe ulikuwa hapohapo karibu, unaongea kwa sauti kubwa kuhusu bei ya nyuzi, hukukatiza hata neno. Kisha mama mdogo akaniambia umelala.

Nikaenda kukaa na azimio lako. Vidole hewani. Vibao juu. Wasiulize kwa mdomo, waandike. Hakuna kuimba. Nikasema hebu nijaribu. Jumatano niliingia darasani nikafundisha kipindi kizima bila kutamka neno, na katikati nikaziba masikio kwa pamba. Dakika arobaini. Tulijumlisha nusu na robo. Wanne tu ndio waliopata mbili ya sita, na nikawaona wote wanne. Kipindi kilipokwisha watoto hawakujua kwamba sikuongea. Redio peke yake ndiye aliyeinua kibao: MWALIMU UNAUMWA?

Shangazi, hujisikii vizuri, au husikii?

Sindano wako


29 Machi

Mwanangu,

Ndiyo.

Sikio la kushoto halina kitu kabisa. La kulia lina mvumo, kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Homa iliondoka na masikio yangu. Nilijua siku nesi aliposimama mbele yangu akifungua na kufunga mdomo wake bila sauti, nikadhani ananitania, nikamkaripia. Baadaye nikaona wagonjwa wote wamegeuka kunitazama. Kumbe nilikuwa nimepiga kelele.

Baba yako mdogo na mkewe niliwakataza kusema. Usiwalaumu. Wananiandikia kila kitu, mpaka nyumba imejaa vikaratasi. Kitu pekee ninachokipata bila kuandikiwa ni cherehani ya wifi. Nikiweka mkono mezani najua anashona, najua amesimama, najua hata uzi ukikatika kabla yeye hajajua. Anakasirika nikimwonyesha.

Azimio lile nililiandika kama fundi anayejipimia mwenyewe. Nililikata kwa mwili wangu, kisha nikakuvisha wewe nione kama linakaa. Nilisema kama Sindano, ambaye ni mgeni wa ubao, ataweza kufundisha bila kuwasikia, basi mimi nitaweza. Kwa hiyo hukukosea, ila hilo la pamba ni kiherehere.

Sasa nikuambie kwa nini halikai. Nimelipiga hesabu kila upande. Kila mwaka kuna mtoto mmoja ambaye jibu lake halifiki kwenye kibao. Analo, lakini analisema chini, analiambia dawati. Anaogopa hata kuandika. Miaka yote nimemsikia huyo. Nikiwa naandika ubaoni, nimewapa mgongo, nasikia "tatu ya nne" kutoka safu ya nyuma, naendelea kuandika, namwacha kidogo, kisha namwendea. Wengine wamekuwa wahasibu. Huyo sasa nitamfanyaje? Nitampita kama nguzo.

Kwa hiyo chukua nafasi. Mwambie mwalimu mkuu ndiyo. Sikasiriki. Nakasirika, lakini si kwako. Nakasirika kwa sababu nilianza nikiwa nimechelewa na sasa natolewa mapema, na sikupata katikati ya kutosha. Funga muhula vizuri. Chumba changu kitumie.

Shangazi


9 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea jikoni nikiwa nimesimama, chai ikapoa.

Mitihani imekwisha. Kwenye sehemu hamsini na wanane wamepata zaidi ya nusu. Bwana Ratiba alizihesabu upya akidhani nimekosea, kisha akaniuliza maboksi ya sabuni nilipata wapi. Na nikujulishe kwamba muhula ulitupa vipindi arobaini na vitatu. Nyuki waliingia darasa la pili, shule nzima ikakimbia. Hukuwaweka nyuki.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Nilimwambia kila kitu. Unaweza kunikasirikia, nimeshajiandaa. Akasema, "Mwalimu asiyesikia, watoto sabini na wawili?"

Nikamwambia, "Mwalimu anayesikia, watoto sabini na wawili, nimejaribu muhula mzima, mkuu. Haiwezekani vilevile."

Akacheka bila kutaka. Nikamwomba aje aone. Alikaa nyuma kipindi kizima, kwenye kile kidawati kidogo, magoti yakiwa karibu na kidevu. Nilifundisha bila neno. Mwisho watoto walimwandikia swali: robo tatu toa nusu. Akakosea. Walimcheka kwa vibao, Shangazi, sabini na viwili vyote juu, na jibu limeandikwa kubwa.

Amekubali muhula mmoja wa majaribio. Si zaidi. Wewe na mimi, darasa moja, wewe ndiye mwalimu wa darasa na nafasi ni yako. Mimi nitakuwa wa kujitolea, napewa chakula cha mchana na nauli. Baba anasema nimerogwa. Usidhani ni huruma. Niliitaka ile nafasi na bado naitaka, nitaipata nikiwa najua kazi. Sasa hivi najua vipindi arobaini na vitatu tu, na vyote umevikata wewe.

Yule mtoto anayeliambia dawati yupo. Ni msichana, safu ya mwisho, karibu na dirisha. Huyo mimi nitamsikia. Nitakuonyesha kwa kidole, wewe utamwendea.

Njoo kabla ya kufungua. Paka umwondoe mwenyewe.

Sindano


17 Aprili

Sindano,

Marahaba. Umekwenda kusema mambo yangu kwa watu bila ruhusa yangu. Tutalizungumza hilo ana kwa ana, na uandike kubwa.

Nafika Jumamosi kwa basi la asubuhi. Baba yako mdogo anataka kunisindikiza, nimemkatalia, amekohoa siku nzima. Wifi amenishonea mfuko wa vibao, una mikono miwili imara. Sikujua kama ananipenda hivyo.

Azimio la muhula wa pili nimeshaanza. Nyuki nimewaweka. Wiki ya kwanza usinipangie kitu, ni ya kufyeka. Yule msichana wa dirishani usimhamishe, akihamishwa atajua ametambuliwa.

Na Ijumaa, kipindi cha mwisho, rudisha jedwali la kuzidisha. Kwa sauti, kama zamani. Utaliongoza wewe. Waambie wagonge madawati kwenye kila jibu, na wagonge kwelikweli, wasiwe kama wanaompapasa paka. Mwambie fundi ajiandae. Mimi nitakaa dawati la mbele, viganja nimeviweka juu ya mbao. Atakayeruka saba mara nane, nitamjua.

Redio umkalishe karibu nami.

Shangazi yako